Dogo wa Mafinga, usisaini hicho kipengele cha "haki zote"

Usisaini. Umeuliza ununue kamera gani, uanzeje kuingia kwenye majarida, na kama ukubali mkataba wa jarida linalozitaka picha zako za wachuma chai wa Mufindi kwa "haki zote, matumizi yote, milele". Hilo la mwisho ndilo litakalokuumiza, halafu watu wazima humu wanakupa hongera!

Mimi nipo Uyole. Nilisainishwa karatasi ya namna hiyo kwa picha za Kitulo: maua ya msimu wa mvua pamoja na wakulima wa viazi wa vijiji vya jirani na hifadhi. Kati ya hizo ilikuwepo ya mama mmoja ameinamia gunia la lumbesa, anashona mdomo wa gunia hilo kwa kamba ya katani, mvuke unamtoka puani kwa baridi ya alfajiri, kucha zimejaa udongo mweusi. Jarida likaipa kurasa mbili. Baadaye nikaikuta Mwanjelwa, kwenye ukuta wa duka la pembejeo, inatangaza mbolea. Jina langu halipo. Yule mama naye aliiona, maana viazi vyake vinashushwa sokoni hapo hapo. Akanipigia: "Mwanangu, kumbe uliniuza?"

Ningemjibu nini? Alinikubalia nimpige picha kwa ajili ya jarida, mbolea hakuulizwa. Na mimi hata shilingi ya tangazo lile sikuiona. Nilipompigia mhariri, alinisomea kipengele neno kwa neno, akakata simu.

Aliyenihimiza kusaini ni mpigapicha mkongwe wa mjini, anayejiita mlezi wa vijana. "Ukianza kuchagua mikataba, hupati kazi." Kumbe yeye mikataba yake anaifuta mistari kwa kalamu kabla ya kuweka sahihi! Huyo ananiuma kuliko jarida. Jarida linatafuta faida yake, lakini yeye alijua na akaniacha nitumbukie.

Na alichosema si kweli. Wapigapicha Robert Capa, Henri Cartier-Bresson na wenzao walianzisha Magnum, shirika la wapigapicha wenyewe, mwaka 1947 wakishikilia jambo hili hili: picha ibaki mali ya mpigaji, jarida lilipie kuitumia. Majarida makubwa ya dunia yaliendelea kuwapa kazi.

Hapa kwetu, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, picha uliyopiga kwa kujitegemea ni yako tangu ulipobonyeza kitufe, hata kama hujafika COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukisaini "haki zote", wewe ndiye unayetoa.

Uza matumizi, picha ibaki yako. Waandike ni toleo lipi, kwa muda gani, kama ni karatasi tu au na mtandaoni, jina lako likae chini ya picha, na matangazo marufuku bila makubaliano mapya. Wakitaka wawe nayo peke yao, wape miezi michache na bei ipande. Faili ghafi, zile za RAW kama zilivyotoka kwenye kamera, zisitoke mkononi mwako. Na wale wachuma chai waulize, uwaambie wazi picha inakwenda wapi.

Usiwajibu chochote leo. Nakili hicho kipengele chote ukiweke hapa, nikuandikie maneno ya kuwarudishia.