Raba za meno ya mama haziishi kukatika

SWALI: Assalaam aleykum daktari. Mamangu ana miaka 68, tuko Langoni, Lamu. Miaka 6 iliyopita aliwekewa vipandikizi viwili, yaani skrubu zilizopandwa mfupani, mbele ya taya la chini, na meno ya bandia yanayobanwa juu yake. Zamani raba za ndani, zinazoyashikiza meno kwenye vipandikizi, zilidumu mwaka. Siku hizi miezi 3 zishakwisha, na akitafuna mkate wa mofa meno yanainuka mbele. Kaka yangu asema skrubu zitavunja taya, bora aongezewe nyingine mbili. Tufanyeje?

JIBU: Waaleykum salaam. Ningeangalia nyuma kabla ya mbele. Mama ayavae, kisha bonyeza gego la mwisho kwa kidole, upande mmoja halafu wa pili. Kucheza kidogo ni kawaida, ndivyo yalivyotengenezwa. Lakini yakizama nyuma na mbele pakainuka waziwazi, basi ufizi umeshuka. Taya lisilo na meno hunywea mwaka hata mwaka, la chini zaidi kuliko la juu. Mbele vipandikizi huushika mfupa. Chini ya magego hakuna cha kuushika. Kila tonge, meno yanabembea, na egemeo la bembea hiyo ni vile vipandikizi viwili.

Navyo havina subira ya jino. Jino la asili limezungukwa na utando unaoliachia licheze maikromita 25 hadi 100 (maikromita elfu moja ni milimita moja). Kipandikizi cha titani kimegandana na mfupa, hakichezi zaidi ya 3 hadi 5. Umeona kigingi cha punda? Punda akivuta huku na huku, udongo unaoachia kwanza ni wa mdomoni mwa shimo, si wa chini. Na hapa ni hivyo hivyo: mkazo mkubwa unakaa shingoni mwa kipandikizi, pale kinapochomoza mfupani. Raba ni kamba tu. Mkibadilisha kamba kila siku, punda bado avuta.

Kuvunjika taya ni nadra, mtulize kaka. Kinachonitia hofu ni mkazo huo ukikutana na ufizi uliovimba kwa uchafu. Hapo mfupa huliwa ukabaki kama kikombe kuzunguka shingo. Eksirei itaonyesha.

Dawa ya kwanza ni kuchukua kipimo na kuyajaza meno upande wa ndani yakalie ufizi wa leo. Raba mpya zifuate, si zitangulie. Kuongeza vipandikizi sikushauri kwa sasa: wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, mwaka 2002 walikubali kwamba viwili ndiyo chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Ningefikiria tena iwapo juu bado ana meno yake mwenyewe, maana hayo huuma kwa nguvu.

Kipandikizi chenyewe kikitikisika, au usaha ukitoka, msingoje kipimo. Njooni siku hiyo hiyo. Vinginevyo mofa auroweke kwenye mchuzi, atafune pande zote mbili, na usiku meno yalale majini.