Maswali ya Wasomaji: Kopa Sita Zilizobaki

SWALI: Mhariri, kila Jumamosi sisi wanane hukutana nyumbani kwa mwenzetu mtaani Milimani, Kisumu, tukacheza mashindano madogo ya poka ya karata saba, ile iitwayo stadi, na visoda ndivyo chipu zetu. Juzi wenzetu sita walijitoa mara tu baada ya karata tatu za kwanza, nikabaki na mpinzani mmoja aliyekuja kuwa na wafalme wawili wazi mbele yake. Karata ya sita ilipogawanywa nilikuwa na kopa nne, nikihitaji ya tano ili nipate rangi moja, yaani karata tano za alama moja. Mbili nilizobaki nazo zilikuwa ndogo, na sikuwa na karata yoyote ya kumzidi mfalme. Alitia dau la 1,000, nikalifuata, na karata ya mwisho ikawa uru. Shemeji yangu, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, alinikemea kwamba nilikuwa na nafasi moja tu kati ya sita. Je, nilikosea? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Shemeji yako amehesabu vizuri, ila ameishia katikati ya hesabu. Nafasi moja kati ya sita haina maana mpaka ilinganishwe na bei unayotakiwa kulipa na kitita unachokigombania, yaani chipu zote zilizokwisha kutiwa mezani.

Tuanze na karata. Katika stadi (jina ambalo, kwa bahati mbaya, halihusiani kabisa na ustadi) hakuna karata za pamoja katikati ya meza kama ilivyo katika aina nyingine ya poka, Texas hold'em. Kila mchezaji hupewa zake saba, na nne kati ya hizo hulala wazi, kwa hiyo anayetazama vyema hujua mengi. Wewe uliona sita zako, nne za wazi za mpinzani, na zile sita ambazo wenzako walikuwa wamefunuliwa kabla ya kujitoa. Jumla ni 16, na kati ya 52 zilibaki 36 usizozijua. Kopa zote ni 13. Nne ulikuwa nazo mkononi, na katika barua yako umetaja tatu ulizoziona kwingine: mfalme wa kopa aliyekuwa kwa mpinzani, na mbili za waliojitoa. Zilibaki sita kati ya 36, na hapo ndipo shemeji alipoitoa sehemu yake ya sita.

Sasa kitita. Kwa viwango ulivyotutajia, viingilio vya watu wanane, vinavyotiwa kabla ya karata kugawanywa, vya 100 kila mmoja ni 800, na aliyekuwa na karata ya chini kabisa alilazimika kutia 200 kabla hajajitoa. Nyinyi wawili mlitia 500 kila mmoja katika duru ya kwanza, 500 katika ya pili, na 1,000 katika ya tatu, ambapo dau huwa maradufu. Hiyo ni 5,000, na dau la mpinzani likakifikisha kitita 6,000. Ulitakiwa kulipa 1,000 ili ugombanie 6,000, yaani mara moja ya kushinda katika kila mara saba, takriban asilimia 14.3, ingetosha kukurudishia gharama zako. Wewe ulikuwa na takriban asilimia 16.7. Kwa hiyo kufuata dau kulikuwa sahihi, japo kwa faida ndogo: ukirudia mkono huo mara sita, utapoteza 1,000 mara tano na kupata 6,000 mara moja.

Hata hivyo tusijipongeze upesi. Kama mpinzani alikuwa na jozi ya pili ameificha, karata yake ya mwisho ingeweza kumpa nyumba kamili (karata tatu zinazofanana pamoja na jozi), ambayo huishinda rangi moja. Zingekuwa karata nne za kumwokoa, kati ya takriban 33, na nafasi yako halisi ingeshuka hadi asilimia 14.6 hivi. Hapo umebaki ukingoni mwa shimo. Na kama ungekuwa umeziona kopa tano kwingine badala ya tatu, zingesalia nne kati ya 36, asilimia 11, na hata dau moja la ziada ambalo ungelipata baada ya kukamilisha rangi lisingefidia. Ndiyo maana karata za waliojitoa zinapokusanywa, mchezaji wa stadi huwa hatazami simu.

SWALI: Mashindano yetu Nakuru pia ni ya watu wanane, kila mmoja hutoa shilingi 500, na zawadi ni 2,000, 1,200 na 800. Tulikuwa tumebaki wanne, kila mmoja ana chipu 20,000, na madau yalikuwa yamepanda kiasi kwamba mkono mmoja ungeweza kuzimaliza zote. Niliacha malkia wawili mwanzoni kabisa, yaani nilijitoa, ingawa nilijipa nafasi ya kushinda ya asilimia 58. Nimechekwa hadi leo. — Msomaji, Nakuru

JIBU: Waliokucheka wanahesabu chipu, wewe ulikuwa unatafuta shilingi. Mkiwa wanne sawasawa, hisa ya kila mmoja katika zawadi za 4,000 ni 1,000. Ukipoteza chipu zote unaondoka mikono mitupu. Ukimtoa mmoja, una chipu 40,000 na wenzako wawili wana 20,000 kila mmoja. Tukichukulia kwamba nafasi ya kushinda hufuata wingi wa chipu, utakuwa wa kwanza mara moja kati ya mbili, wa pili mara moja kati ya tatu, na wa tatu mara moja kati ya sita. Hiyo ni 1,000, na 400, na 133, jumla 1,533 badala ya 2,000. Chipu zimeongezeka maradufu ila fedha hazikuongezeka hivyo, na ili kuhatarisha 1,000 kwa ajili ya 1,533 ulihitaji takriban asilimia 65. Asilimia 58 haikutosha.

Neno lako la muhimu ni «mwanzoni». Mezani kulikuwa na viingilio tu, na duru zote za madau zilikuwa bado mbele yako. Kama ungeacha malkia hao katika karata ya sita, ilhali chipu zako nyingi zimeshaingia katika kitita, tungeungana na wanaokucheka.