Chanjo haisafiri mfukoni

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mbwa wangu mzima, anabweka vizuri, anakula bukari na vichwa vya samaki. Kwa nini nimlipie kliniki, na kuna kijana anayepita malangoni na sindano kwa nusu ya bei?" Hapa Lubumbashi pesa ya mbwa na pesa ya unga hutoka mfuko mmoja, kwa hiyo swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kwa munganga wa nyama, yaani daktari wa wanyama, tunalipia baridi, mizani na tarehe. Kuchoma kwenyewe ni dakika moja.

Nianze na baridi, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Chanjo za mbwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kutoka kiwandani hadi kwenye ngozi ya mnyama. Ile ya ugonjwa wa Carré (distemper) na parvo (ugonjwa wa kutapika na kuhara damu) ni virusi hai vilivyodhoofishwa na kukaushwa: ndani ya kichupa utaona kidonge cheupe kama chaki. Daktari huvuta maji ya kichupa cha pili, huyaingiza taratibu, hutikisa kidogo mpaka kidonge kiyeyuke, kisha huchoma upesi, isizidi saa moja. Joto likishaviua virusi hivyo, jicho halitaona tofauti yoyote. Hata bomba la sindano lililosuuzwa kwa spiriti linatosha kuviua. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ina virusi vilivyokwisha kuuawa, na adui yake mkubwa ni kuganda. Sasa mtazameni kijana wa malangoni: chupa moja iko mfukoni, nyingine imelazwa juu ya barafu ndani ya termosi. Zote mbili zimeharibika, kila moja kwa njia yake.

Ukifika kliniki, omba kuona frigo. Ndani pawe na kipimajoto, na kando yake daftari la kuandika nyuzi asubuhi na jioni. Umeme wetu tunaujua, kwa hiyo uliza pia wanafanya nini ukikatika. Mwenye frigo nzuri hakasiriki akiulizwa. Na usikubali dozi igawanywe kwa sababu mbwa ni mdogo. Dozi ya chanjo haipimwi kwa kilo: mbwa wa kilo 3 na wa kilo 40 hupata sawa.

Upande wa tarehe, kosa linalorudi kila mara ni mtoto wa mbwa kuchomwa mara moja tu akiwa na wiki 6, halafu anakufa kwa parvo akiwa na miezi mitatu, na watu wanasema chanjo ndiyo iliyomuua. Kinga aliyonyonya kwa mama huizima chanjo, na hakuna anayejua siku kinga hiyo itakapokwisha. Ndiyo maana tunaanza wiki ya 6 hadi ya 8, tunarudia kila wiki 3 au 4, na dozi ya mwisho haitolewi kabla ya wiki 16. Kichaa cha mbwa ni kuanzia wiki 12, kurudia baada ya mwaka, kisha kufuata maandishi ya chanjo yenyewe. Kila mara kibandiko cha chupa kibandikwe kwenye kijitabu, pamoja na tarehe na sahihi. Kijitabu chenye neno "chanjo" tu hakisemi kitu.

Na kama mbwa amekufa kwa parvo katika lupango (ua) lenu, msilete mwingine ambaye hajamaliza chanjo: virusi hukaa ardhini miezi mingi. Sabuni haiviui. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza, kisha imwagiwe javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo), kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, ikae dakika 10.

Mizani ni ya dawa za minyoo. Watoto wa mbwa huzaliwa nayo au huinyonya, kwa hiyo dawa huanza wiki ya 2, hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya 8, kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi mitatu. Mama hupewa pamoja nao. Pyrantel ni mg 5 kwa kilo, lakini haigusi tegu. Zile punje za mchele chini ya mkia zinataka praziquantel, nayo mg 5 kwa kilo. Usipoua viroboto, tegu hurudi, kwa sababu mbwa humeza kiroboto akijikuna kwa meno. Kama huna mizani ya mbwa, panda mizani ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako.

Kupe huzidi mvua zikianza. Kupe wa mbwa hutaga kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo kumwosha mbwa peke yake ni nusu ya kazi. Mbwa mwenye homa (zaidi ya nyuzi 39.5), ufizi mweupe au mkojo wa rangi ya kahawa apelekwe siku hiyo hiyo. Ivermectin ya ng'ombe, dawa ya sindano ya minyoo na wadudu, ina mg 10 kwa kila ml. Tone moja tayari ni nyingi mno kwa mtoto wa mbwa. Paka wasiguswe na permethrin (dawa ya kupe na viroboto), na paracetamol kwao ni sumu.

Kuhasi nakutaja kwa ufupi: kuanzia karibu miezi 6, tumbo likiwa tupu, na jike aliyehasiwa anaepuka usaha wa kizazi, ambao huua.

Pesa ikitosha kitu kimoja tu, lipia chanjo ya kichaa. Na mbwa akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyo, hata kama mbwa ana kijitabu. Mbwa msimuue. Afungwe siku 10 mahali ambapo watoto hawafiki, apewe chakula, na kila asubuhi mwangalie kwa mbali kama bado anameza maji.

Msomaji, Lubumbashi