Bendi yangu imebaki na watoto wa S1 na S2, tutafika vipi tarehe 9 Oktoba?

SWALI: Habari Afande. Mimi ni mwalimu wa sekondari moja hapa Arua, Uganda, nafundisha hesabu na bendi ya shule pia iko mikononi mwangu. Muhula wa tatu umefunguliwa, wale wakubwa wangu wa kidato cha nne na cha sita, yaani S4 na S6, wote wako kwenye mitihani ya taifa ya UNEB, nimebaki na S1 na S2 na wachache wa S3. Hedimasta anataka nyimbo nne siku ya Uhuru, tena tupite gwaride mbele ya RDC, mwakilishi wa Rais hapa wilayani. Mvua kila jioni, tarumbeta mbili valvu zimekwama, na mama mmoja kamtoa mtoto wake anasema kupuliza kutamletea TB. Watoto wenyewe wameanza kulia eti wanaaibisha shule. Nisaidie.

JIBU: Mwalimu wangu, pole sana, na hongera kwa kubaki na hao watoto maana wengine wangefunga stoo ya vyombo mpaka Februari.

Nyimbo nne achana nazo kabisa. Chukua wimbo wa taifa na machi moja ya kutembelea, basi. Wimbo wetu wa taifa, ule aliotunga George Wilberforce Kakoma ukaanza kutumika 1962, ni kati ya nyimbo za taifa fupi kuliko zote duniani, beti zote tatu zinapita kwenye muziki uleule, kwa hiyo mtoto akishika ubeti mmoja ameshika wimbo mzima. Hiyo ni zawadi kwa bendi changa, itumie. Ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uache kwanza, wakiuweza baadaye waupige wamesimama.

Sasa midomo. Hapa ndipo walimu wengi wanaumiza watoto bila kujua. Mtoto aliyeshika tarumbeta mwaka huu, misuli ya midomo yake inachoka haraka sana, ikichoka anaanza kukandamiza chombo kwenye meno ili sauti ya juu itoke, damu haipiti vizuri, mdomo unakufa ganzi, sauti inapasuka, wewe unakasirika unasema rudia, na yeye anazidi kukandamiza. Masaa mawili ya jioni hayamfai huyo. Mpe dakika 20 asubuhi kabla ya darasa na 20 nyingine baadaye, na akipiga kidogo apumzike muda uleule aliopiga, wenzake wapige yeye asikilize. Kama wimbo unapanda juu sana shusha toni, hakuna sheria inayosema lazima upigwe kule juu walipoupiga wakubwa wako. Na kabla hajapuliza noti yoyote aiimbe kwa mdomo, do re mi, kwa sababu kwenye tarumbeta valvu zilezile zinatoa noti kadhaa tofauti, asiyeisikia noti kichwani ataikosa tu. Hii ya kuimba ndiyo kazi ya jioni za mvua, mko ndani ya darasa, mnaimba na kupiga makofi, siku haijapotea.

Gwaride nalo lifundishe peke yake kwanza, bila vyombo. Mbele tembea, nyuma geuka, simama, mpaka miguu iache kufikiri, ndipo uongeze ngoma, halafu wapulizaji mwisho. Hatua ya kijeshi ni kama sentimita 76, hiyo ni ya mtu mzima, mtoto wa S1 mwenye tuba ya kilo 10 begani ukimlazimisha hiyo hatua anaanza kuruka na pumzi inakatika, fupisha iwe 60 hivi na mstari wote ufuate mfupi wenu. Tena ngoma ziweke katikati ya bendi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, na kwenye mwendo wa hatua 120 kwa dakika kila hatua ni nusu sekunde, sasa aliye mita 30 kutoka kwa ngoma anaisikia imechelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde, akiifuata anabaki nyuma na bendi yote inavutana. Wa mbali wafundishe kutazama fimbo ya dramu meja, yule anayeongoza bendi mbele, si kusubiri masikio.

Valvu zilizokwama: toa, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, futa kwa kitambaa laini, weka mafuta ya valvu. Mafuta ya kupikia HAPANA, yanaganda. Zile bomba za kuvuta za kutyuni, vaselini kidogo inatosha.

Yule mama nenda ukamuone nyumbani kwake, usimtumie barua. Mwambie kwa heshima kwamba TB inaletwa na bakteria anayepita hewani kutoka kwa mgonjwa, kupuliza hakumzalishi huyo bakteria. Lakini hofu yake isikilize, mkiwa mnapokezana vyombo kila mtoto awe na kipande chake cha kupulizia au kioshwe kwa sabuni kabla ya kubadilishana, na mtoto yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili aende kituo cha afya, vipimo na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure.

Wale wa S4 waache wasome, ila omba kila mmoja aje mara moja tu amkabidhi mdogo wake chombo, akae naye, amuonyeshe jinsi alivyokuwa anapumua pale kwenye sehemu ngumu. Mtoto akifundishwa na kaka aliyekuwa anamuona uwanjani, kilio kinapungua, hii nimeiona mara nyingi mno. Na mwakani, muhula wa kwanza, kila mkubwa apewe mdogo wake tangu Februari.

Hedimasta mfuate wiki hii, usingoje Oktoba. Mpeleke kwenye praktisi asikie wimbo wa taifa ulivyofikia, halafu umwambie nyimbo ni mbili.