Mikoko na ploti za pembeni: tunajibu maswali yenu

Naishi Mikindani, Mombasa, karibu na hori la Tudor. Kuna aliyenunua ploti inayopakana na mikoko, na malori yanamwaga kifusi pale hadi mizizi imefukiwa. Tukimuuliza anasema ana hati, tusimwingilie. Je, kaunti inaweza kumzuia?

Inaweza, tena si kaunti peke yake. Hati yake inaishia kwenye vigingi vyake. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na leo iko chini ya Shirika la Misitu, KFS. Katiba ya 2010 nayo, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Kifusi kikivuka mpaka na kuingia mikokoni, hapo hana hati.

Kaunti nayo ina mamlaka juu ya ploti yenyewe. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna ruhusa ya kuendeleza ardhi bila kibali cha kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Kwa maoni yetu hicho kibali ndicho silaha kubwa zaidi ya kuilinda mikoko ya mjini, na ndicho wakazi wasichokifuatilia. Watu humtazama mkata boriti, kumbe hasara inaingia kupitia ploti ya pembeni: kifusi, ukuta, bomba la maji machafu.

Msichelewe. Mikoko ni ya aina nyingi. Aina iitwayo mchu hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza topeni kama penseli, na ile iitwayo mkoko hasa kwa vitundu vidogo vilivyo kwenye mizizi yake ya juu. Vikifukiwa, hewa haifiki chini. Majani hugeuka manjano, hupukutika, na mti hukauka ukiwa umesimama. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, mikoko mingi ya hori la Mwache ilikufa namna hiyo, kwa udongo ulioletwa na mafuriko, bila shoka kuigusa. Kifusi kikiondolewa mapema, mti unaweza kupona. Kikikaa hadi majani yaishe, mtakuwa mnaokoa kuni.

Pigeni picha mkiwa mmesimama mahali pamoja, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Pimeni kwa futi kamba kifusi kimeingia mita ngapi ndani ya mikoko. Andikeni namba ya ploti, tarehe na namba za malori. Kisha andikeni barua moja tu, na muipeleke kote kutatu: idara ya mipango ya ardhi ya kaunti, ofisi ya NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, na ofisi ya KFS. Kaunti iulizeni namba ya kibali chake, na muombe itoe notisi ya kusimamisha kazi. Kwa NEMA tajeni kifungu cha 42 cha Sheria ya Mazingira ya 1999, kinachohusu kumwaga vitu na kujenga kwenye maeneo ya maji bila idhini. Kila ofisi ipige mhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Malalamiko mengi hufia hapa: watu hupiga simu au humweleza chifu kwa mdomo, kila ofisi ikasema kazi ni ya mwenzake, na hakuna karatasi ya kuonyesha nani aliambiwa lini. Tena msiandike "mazingira yanaharibiwa." Andikeni mita, tarehe na mahali.

Kwenye ploti ya mtaani kwetu kuna bango kwamba mwenyewe anaomba kubadilisha matumizi, kutoka makazi hadi biashara. Nyuma yake kuna mikoko. Tungoje kaunti iamue kwanza?

Msingoje. Sheria hiyo ya 2019 inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ombi lake huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Ukimya wa ofisi unamsaidia mwombaji, wala si ninyi. Pelekeni pingamizi la maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye bango. Na msikatae tu. Ombeni masharti: ukuta urudi nyuma mita kadhaa, maji ya mvua na ya choo yasielekezwe horini, udongo wa kuchimba msingi usiachwe upande wa mikoko. Afisa wa mipango ana urahisi zaidi wa kuandika sharti kuliko kukataa ombi zima.

Wakipitisha na hamkuridhika, mna siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rufaa dhidi ya leseni ya mazingira ya NEMA ina njia yake: Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, siku 60. Watu huzichanganya njia hizi mbili, wakaja kugundua siku 14 zimepita.

Nanunua ploti ya ufukweni Shanzu. Mpaka wangu unafika wapi?

Kanuni za upimaji za 1994 zinataka, ardhi ya serikali ya ufukweni inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida ziachwe si chini ya mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Kwenye mito inayoingiwa na maji ya bahari, mita 30. Hati za zamani zinaweza kuwa karibu zaidi na maji. Fanya upekuzi wa hati, chukua ramani ya upimaji, umlete mpimaji mwenye leseni avionyeshe vigingi, na iwe siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Ukiliona jiwe la mpaka limezungukwa na maji, usitie sahihi. Ukijenga, taa za nje zisielekee baharini: vitoto vya kasa huufuata mwanga wakaishia barabarani.

Kikundi chetu kilipanda miche ya mkoko, ikafa karibu yote. Kwa nini?

Pengine mliipanda kwenye tope tupu la mbele, ambako ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko hukaa nyuma yake, na aina iitwayo mkandaa nyuma zaidi. Kagueni kwanza kama maji bado yanaingia na kutoka. Mfereji ukiwa umezibwa na kifusi, zibueni kabla ya kupanda chochote. Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 inataka miche 10,000 kwa hekta. Na kabla ya kurudi huko, zungumzeni na KFS, kwa sababu mnapanda ndani ya msitu wa serikali.