Kabla ya kumwombea mzee, muulize

Wewe uliyepangiwa kuwatembelea wazee, iwe umetumwa na kanisa, na msikiti, au na kitengo cha huduma za kiroho hospitalini, anza na hili: mzee unayekwenda kumwona ameishi na Mungu, au amegombana naye, kwa miaka mingi kuliko umri wako. Humpelekei imani. Imani yake unaikuta pale ilipo, na kazi yako ya kwanza ni kuijua.

Ndiyo maana siyapendi mazoea ya kuingia, kusalimia, kusoma somo lililoandaliwa, kuomba na kuaga. Ziara ya namna hiyo humridhisha mhudumu kwamba ametimiza wajibu, huku mzee akibaki na lile linalomkosesha usingizi. Kabla ya kuomba, muulize: "Mzee, leo ungependa tuombee nini?" Kisha nyamaza, na ukivumilie kimya kitakachofuata. Wengi hutanguliza jibu la adabu, "Niombee afya tu, mwanangu." Ukisubiri, mara nyingi linakuja la pili, na hilo ndilo lenyewe.

Mzee mmoja niliyekuwa nikimtembelea alikuwa na vidonda vya miguu, na kila aliyefika alimwombea miguu. Nilipomuuliza alitaja afya, akatazama mlangoni kuhakikisha mkwewe ametoka, halafu akanitajia jina la mdogo wake. Walikosana kwa sababu ya urithi, wakanuniana mpaka mdogo akafariki. Alitaka kujua kama mtu anaweza kumwomba msamaha marehemu. Siku hiyo hatukulimaliza. Katika ziara zilizofuata alinisimulia ugomvi wote, kipande baada ya kipande, hadi siku moja akaomba tutamke mbele za Mungu maneno ambayo angemwambia mdogo wake. Aliyasema mwenyewe, polepole, kwa sauti ya kusikika. Miguu iliendelea kuuma, ila mkwewe aliniambia kwamba usiku alikuwa ameanza kulala.

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967 na kuweka msingi wa tiba shufaa ya kisasa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wenye maradhi mazito, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Mafundisho yake yanafaa sana kwa wazee. Ukisikia mtu analalamika maumivu yasiyotulia hata baada ya dawa, usiharakishe kusema anadeka, wala usiharakishe kusema tatizo ni la kiroho. Mwambie muuguzi, na wewe uendelee kusikiliza upande wako.

Kusikiliza huko kunahitaji kuvumilia simulizi zinazojirudia. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba kuyapitia upya maisha yaliyopita ni jambo la kawaida mtu anapoukaribia mwisho, si dalili ya akili kuchoka. Kwa hiyo anapokusimulia kwa mara nyingine jinsi alivyohamishwa kazi au jinsi mtoto wake wa kwanza alivyozaliwa, sikiliza anasimama wapi, anaruka nini, ni jina gani linambadilisha sauti. Halafu uliza swali moja dogo hapo hapo: "Na yeye baadaye mlionana tena?" Mara nyingi hapo ndipo penye majuto, au shukrani ambayo hajawahi kupata mtu wa kumwambia.

Utakutana pia na hasira. Mtu aliyemtumikia Mungu maisha yake yote anaweza kukuambia waziwazi kwamba Mungu amemtupa. Usimtetee Mungu. Zaburi ya 71 ina ombi hilo hilo: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila faraja ya mwisho, na bado imo katika Maandiko. Marafiki wa Ayubu waliketi naye siku 7 usiku na mchana bila kusema neno. Walianza kumuumiza walipofungua midomo kumweleza kwa nini anateseka. Msomee mzee mwenye hasira zaburi ya maombolezo, naye atajua kwamba hajatoka nje ya imani kwa kuuliza anachouliza. Maneno kama "yote ni mapenzi ya Mungu" au "wapo wenye hali mbaya kuliko wewe" yaache nyumbani. Na lile la "ungekuwa na imani ungepona" lisitoke kinywani mwako kamwe. Nimeona linavyomwacha mtu na mizigo miwili, ugonjwa na aibu ya kuugua.

Jambo jingine ambalo wageni wengi wa kazi hii hawalitarajii ni wingi wa wazee wanaobeba hatia kwa sheria ambazo dini yao yenyewe imewaondolea. Zisome sheria hizo uzijue. Mkatoliki mzee anaweza kukataa Komunyo kwa sababu alikunywa uji na dawa muda mfupi kabla, kumbe Sheria ya Kanisa inawaruhusu wazee na wagonjwa kupokea hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia. Mwingine anasikitika kwamba hawezi tena kufunga katika Kwaresima, ilhali wajibu wa kufunga unakoma mtu anapotimiza miaka 59. Mpako wa Wagonjwa nao unawatisha wengi, kwa kuwa walikua wakiujua kama sakramenti ya mtu anayekata roho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulisema wazi kwamba si ya walio katika hatari ya mwisho pekee, na ibada yake ikarekebishwa mwaka 1972. Mzee aliyedhoofika sana kwa umri anaweza kuipokea, na anaweza kuipokea tena hali ikizidi. Mwite padri mapema, mzee akiwa bado anaweza kuitikia mwenyewe.

Kwa Waislamu ni vivyo hivyo. Asiyeweza kusimama anaswali ameketi, asiyeweza kuketi anaswali amelala kwa ubavu, na ambaye maji yanamdhuru anatayamamu, yaani anajitwaharisha kwa udongo safi badala ya maji. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani wala kutarajia kulipa baadaye anatoa fidia kwa kumlisha maskini. Wengi wanayajua haya kwa jumla, lakini yanapowahusu wao wanaona kama wanajipunguzia ibada. Hapo maneno yako hayatoshi, na pengine huna mamlaka hayo. Mlete shehe au imamu wake, aketi, amwambie kwa kinywa chake kwamba swala yake ya kitandani ni swala.

Sasa niseme kuhusu masikio, kwa sababu huduma nyingi nzuri hupotelea hapo. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 25 ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowaathiri katika maisha. Fikiria basi tunavyoomba: kichwa kimeinama, macho yamefumbwa, sauti ya chini ya unyenyekevu. Mzee anayekufuata kwa kutazama midomo hapati hata neno moja. Anasubiri mikono yako iachane ndipo ajue kwamba umefika Amina. Kaa mbele yake, uso wako uelekee mwanga, usilipe dirisha mgongo. Omba redio izimwe. Uliza kifaa cha kusikia kiko wapi na kama betri inafanya kazi. Usipige kelele, sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza masikioni mwa wazee, kwa hiyo shusha sauti iwe nzito kidogo na utamke taratibu. Omba ukiwa umeinua uso, kwa sentensi fupi. Akikubali kushikwa mkono, mshike, na ukifika Amina mbonyeze kidogo ili mmalize pamoja. Kitabu cha maandishi makubwa kiwe kwenye mkoba wako siku zote.

Kwa wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, rudi kwenye yale waliyoyashika utotoni. Maneno waliyoyarudia maelfu ya mara, kama Baba Yetu, Rozari, Alfatiha, au beti za nyimbo za ibada, hudumu muda mrefu baada ya majina ya watoto kupotea. Lakini zingatia maneno yenyewe. Kuna mama mmoja tuliyeanza naye wimbo kutoka kitabu kipya, akawa ananitazama tu. Binti yake akaingilia kwa maneno ya kitabu cha zamani, tofauti ya maneno mawili matatu tu, na mama akaudaka wimbo akauimba hadi ubeti wa mwisho, akitutangulia. Kwa hiyo uliza familia alisali kwa lugha gani, kwa kitabu kipi, kwa wimbo upi. Usimsahihishe anapochanganya, wala usimpe mtihani wa "unanikumbuka mimi ni nani?" Jitambulishe upya kila ziara, kwa uchangamfu ule ule. Na usimnyime ibada kwa kudhani haelewi.

Hata hivyo, mzee aliyekuwa timamu juzi akianza ghafla kuweweseka, kuona watu wasiokuwapo au kushindwa kujua yuko wapi, hilo ni suala la daktari siku hiyo hiyo. Maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya vinaweza kumfikisha hapo. Usikubali yeyote aanze kumkemea mapepo huku homa inapanda. Sonona nayo ni ugonjwa. Aliyeacha kula, asiyelala, asiyejali tena watu aliowapenda, anahitaji tiba pamoja na maombi.

Wengi watakuambia, "Nimechoka, Mungu anichukue tu." Usiseme "usiseme hivyo." Muulize umechoshwa na nini. Kwa mwingine ni utulivu wa mtu aliyemaliza safari na yuko tayari. Kwa mwingine ni maumivu, au hofu ya kuwa mzigo kwa watoto. Kwa mwingine ni wazo la kujidhuru, na hilo huwezi kulibeba peke yako: usimwache, mjulishe muuguzi au daktari, na mwambie mzee kwamba unafanya hivyo. Wazee wengi niliozungumza nao hawakuogopa kifo kama walivyoogopa njia ya kukifikia, yaani kukosa pumzi, kuumwa, kufa pasipo mtu. Hofu hizo zina majibu ya kitabibu na ya kibinadamu, lakini mpaka zitajwe.

Usimfanye mzee kuwa wa kupokea tu. Ana wa Injili ya Luka, mjane wa miaka 84, ametajwa kwa sababu ya kazi yake hekaluni ya kusali na kufunga usiku na mchana. Kwa hiyo mpe kazi. Mletee jina la mgonjwa mwingine, kwa ridhaa ya mgonjwa huyo, umwombe amkumbuke katika sala zake, na ziara ijayo umpe habari. Muombe akuombee na wewe pia, kwa jambo halisi unalolipitia. Nimewaona watu walioketi wakisubiri kuhudumiwa wakijinyoosha kitini baada ya kupewa orodha ya majina matatu.

Mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa hayana mjadala. Analokueleza ni lake. Usilitumie kama mfano madhabahuni, hata kwa kuficha jina, maana watu hutambuana. Ila ukigundua anapigwa, anaachwa na njaa au anaporwa fedha, toa taarifa kwa wanaohusika. Usipokee fedha wala zawadi kubwa, na usikae katika chumba ambamo wosia unaandikwa. Mtu wa dini nyingine, au asiye na dini, hapaswi kubadilishwa imani akiwa kitandani hawezi kuondoka. Muulize nini kinampa nguvu, na ukiweza mtafutie kiongozi wake. Familia ikimjibia kila swali, omba kwa upole mpewe dakika chache peke yenu. Na ukiahidi kurudi Jumanne, rudi Jumanne. Kama huwezi, piga simu, kwa sababu siku hiyo ameisubiri tangu ulipoondoka.

Watafariki, na baadhi utakuwa umewapenda. Tafuta mzoefu wa kazi hii wa kuzungumza naye, nenda mazikoni pale inapowezekana, na usijibebeshe wazee wapya wiki hiyo hiyo. Ikiwa marehemu alikuwa katika makao au kikundi cha wazee, usiungane na wanaowaficha wenzake kwa kuogopa kuwashtua. Wameshaona amekosekana. Waambie siku hiyo hiyo, mtaje kwa jina, uwape nafasi ya kusema walivyomjua na kumwombea, ndipo uendelee na ratiba ya siku.