Bloa ya salfa imekwama: isome pistoni ya zamani kabla hujanunua mpya

Mkuu, umeeleza kwamba bloa yako, mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, imekwama katikati ya shamba huko Tandahimba, kamba haivutiki kabisa, na fundi amekwambia nunua pistoni na ringi, funga, endelea na kazi. Presha yako naielewa. Mikorosho imeshatoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga hausubiri mtu, na salfa inatakiwa ipulizwe alfajiri wakati umande bado upo na upepo umetulia. Hata hivyo nakuomba usitoe hela mpaka uishike mkononi hiyo pistoni iliyoharibika. Mimi natengeneza mashine hizi hapa Mtwara mjini, na nyingi zinazoletwa zimekwama mara ya pili ni zile zilizowekwa pistoni mpya bila mtu kuuliza ya kwanza ilikufa kwa nini.

Ukishatoa silinda, angalia kwanza mikwaruzo iko upande gani. Ikiwa upande wa ekzosti peke yake, mara nyingi injini ilipata joto kali au oili ilikuwa kidogo. Ikizunguka pistoni nzima, petroli huenda iliingia bila oili. Wengi wanapima oili ya 2T (ile ya kuchanganya na petroli) kwa kizibo, na vizibo havilingani. Mashine inayotaka 25 kwa 1 (petroli kwa oili) inahitaji mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Ya 50 kwa 1 inahitaji 20. Fuata kitabu cha mashine yako. Kama una uhakika mchanganyiko ulikuwa sawa, tafuta hewa inapoingilia: sili za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), gasketi ya silinda, maungio ya kabureta. Hewa ya wizi hupunguza petroli inayoingia, na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, inapungua pia, huku joto likipanda.

Sasa geuza upande wa kabureta. Ukikuta ubavu umepauka na hauna mng'ao, na ringi zimekonda, hilo ni vumbi. Kwa huku kwetu naliona sana. Mpulizaji anatembea ndani ya wingu la salfa, chini ni mchanga, na chujio la hewa limeziba, au limetolewa kabisa eti mashine ipate nguvu. Naumia kila nikiona bloa isiyo na chujio, kwa sababu mwenye nayo anaidhani nzima.

Hapo ndipo konrodi inapoingia, yaani mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, na fundi wako hakuitaja. Katika injini ya aina hii, ya mipigo miwili, hewa na petroli hupita kwanza kwenye chumba cha krenki, kisha hupanda kwenye silinda. Vumbi lililokula pistoni limeshapita kwenye beringi ya chini ya konrodi. Peleka konrodi juu kabisa, ishike kwa vidole, ivute na kuisukuma wima kufuata urefu wake. Usisikie mchezo wowote. Ikicheza kidogo kwenda kushoto na kulia ni kawaida, imetengenezwa hivyo. Wapo wanaotupa krenki nzima kwa kutolijua hilo. Kisha izungushe polepole usikilize kama inakwaruza. Tazama rangi pia: chuma kilichogeuka bluu kimeungua. Vidoa vya kutu ni vya kuogopwa vilevile, maana salfa ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu huwa tindikali, na mashine hizi hulala miezi mingi baada ya msimu. Kwenye tundu la juu la konrodi, ingiza pini ya pistoni na beringi yake uone kama inayumba.

Beringi ya chini ikiwa imeisha, bloa nyingi hazina bolti za kufungua konrodi; krenki imeshindiliwa kwa presi. Nunua krenki nzima au mpelekee mtu mwenye presi na vipimo vya kuinyoosha. Kuigonga kwa nyundo ni kuipinda.

Silinda: pitisha ukucha. Aluminiamu ya pistoni iliyoganda ukutani inaweza kuondolewa, lakini utando mgumu wa ndani ukibanduka, silinda imekwisha. Usikubali ichongwe, isipokuwa ina slivu ya chuma.

Kama vyote vimepita, nunua pistoni. Kabla ya kufunga, ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, upime mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa silinda ya milimita 50, karibu 0.2 ni pazuri, ila kipimo cha kitabu ndicho kikuu. Mshale wa kwenye kichwa cha pistoni kwa kawaida hutazama ekzosti. Ncha za ringi zikae kwenye kile kipini kidogo ndani ya mfereji, la sivyo zitanasa kwenye tundu la silinda na kuvunjika. Klipu za pini weka mpya, uwazi wake uelekee juu au chini, usielekee ubavuni. Pakaa oili kila mahali kabla ya kuvuta kamba.

Ukiifungua, weka hapa picha mbili za pistoni, upande wa ekzosti na upande wa kabureta, na useme konrodi imejibu nini ulipoivuta.